Asali Tuliyowapelekea Wakwe

Sisimizi waliujua ugonjwa wa kaka yangu kabla yetu sisi. Nyuma ya nyumba yetu ya Isevya, pale Tabora, kando ya ua wa mabua, palikuwa na mahali ambapo kaka alizoea kukojoa kwa uvivu wa kufika chooni. Asubuhi nilipokwenda kufagia niliwakuta wamejipanga mstari toka ukutani mpaka pale, wanakwenda na kurudi kama watu waliosikia kuna mnada. Nikawafagia. Kesho yake wapo. Nikamwambia mama, naye akasema bila shaka nimemwaga uji, kwa maana kila kilichomwagika nyumbani kwetu mwagaji alikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesoma mpaka darasa la nne kwa masista, na akili yangu haikutulia mahali pamoja. Treni ikipiga honi kule stesheni, mimi nimekwisha panda, nimefika Kigoma, nimeliona ziwa, nimerudi, na mboga imeungua. Lakini mwaka ule nilipata kitu cha kunikosesha utulivu kwelikweli. Kaka alikuwa anaisha mbele ya macho yetu.

Yeye na baba walikuwa warina asali. Waliingia porini wakakaa majuma, wakitundika mizinga ya magome juu ya miombo, na kaka ndiye aliyepanda kwa sababu magoti ya baba yalikuwa yamechoka. Mtu huyo wa kupanda mti na kienge cha moshi mkononi, sasa alikuwa anashika ukuta akienda uani. Mtungi ambao mama aliujaza asubuhi, saa nne umekauka. Suruali aliifunga kwa kamba. Na haya yalitupata wakati baba amekwisha peleka neno la posa Bukene, kwa watu waliokuwa na binti ambaye kaka alimwona mara mbili tu, na tangu hapo alikuwa akitabasamu akiwa peke yake.

Baba alimpeleka hospitali baada ya kumaliza njia zake nyingine, ambazo sitazitaja kwa kuwa padri wetu yu hai bado. Nilifuatana nao kubeba chakula. Hapo ndipo tulipokutana na dresa, msaidizi wa daktari, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa kumpita yeye mwenyewe. Alitia matone ya mkojo wa kaka katika kichupa chenye maji ya buluu, akakishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Maji yakawa kijani, yakawa manjano, yakaishia rangi ya tofali.

"Mayo wane!" nilisema, yaani mama yangu, maana yalipendeza.

Dresa akageuka. "Kumbe ni Wanyamwezi? Mimi Mzaramo. Karibuni, watani wangu! Babu zenu walitembea miezi na pembe za ndovu kichwani, walipofika kwetu wakaionja bahari wakauliza, mpishi gani huyu aliyemimina chumvi yote?"

Baba hakuwa amecheka mwezi mzima. Akacheka. "Na ninyi mkawauzia maji hayohayo."

"Tuliwauzia, wakayabeba kurudi nayo!"

Kisha akaja daktari mwenyewe, Mzungu mrefu aliyesema polepole, na dresa alipotafsiri uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta. Sukari imemjaa kijana damuni. Asiguse asali, asiguse sukari, asiguse pombe ya asali. Atachomwa sindano kila siku, maisha yake yote.

Siku kaka aliporudi nyumbani, baba alituita sote uani. Alisema, "Kuanzia leo asali ni mwiko wa huyu. Sukari ni mwiko wake. Atakayempa, amemuua."

Ukoo wetu hauli pundamilia. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza kwa nini, wala hakuna mzee aliyewahi kusema, "Isipokuwa siku ya njaa." Mwiko kwetu hauna isipokuwa. Nililielewa neno la baba vizuri, na nilimpenda kwa kulisema, kwa sababu mtu anayeishi kwa asali alikuwa ameifukuza nyumbani kwake. Hata ile ya kuuza aliihamishia kwa jirani.

Kazi ya sindano ilinijia mimi. Mama hakuweza kuangalia, na baba hakuweza kusoma vile vistari vya bomba. Dresa alinifundisha siku nne kwa kuchoma chungwa bovu. Nilichemsha bomba na sindano katika sufuria ndogo isiyoingizwa kitu kingine. Chupa ya dawa niliifunga uzi shingoni nikaining'iniza ndani ya mtungi ili ikae baridi. Kila nilipopita pale niliinua kifuniko nihakikishe kwamba ipo. Mama aliniuliza kama nimeingiwa na funza miguuni, maana nilichambua mchicha nimesimama na kula nimesimama.

Kaka alianza kunenepa. Alirudi na matani yake. "Taratibu, sista," alikuwa akiniambia nikimchoma. "Huo ni mkono wangu, si chungwa."

Kila juma nilikwenda hospitali kuchukua dawa, na pale barazani, chini ya picha ya Malkia, nilisoma kuliko nilivyosoma shuleni. Dresa alikuwa na tabia ya kueleza mambo huku akikunja bandeji.

"Nyuma ya tumbo lako, mtani, pamelala kitu kirefu kama ulimi. Kongosho hicho. Ukila ugali, unageuka sukari, sukari inaingia barabarani, yaani damuni. Kongosho linatoa dawa yake kidogo kidogo, na dawa hiyo ndiyo inayofungua milango ya mwili ili sukari iingie ndani ikafanye kazi. La kaka yako limekauka. Sasa sukari ni kama wapagazi wa babu yako waliofika Tabora wakakuta nyumba zote zimefungwa. Wanazunguka mji mzima na mizigo kichwani, na wenye nyumba humo ndani wanakufa njaa. Mwishowe wanatokea kwenye mkojo."

Nikamweleza habari ya sisimizi. Akaacha bandeji. "Waambie waje hapa, tuna upungufu wa madaktari."

Siku moja kwenye benchi nilimkuta mama mmoja wa Tura, ana kovu jipya shingoni kama mkufu. Alikuwa amekatwa rovu, ule uvimbe wa kooni. Alikatwa wapi sikuuliza. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka vikabanana, gumba limeingia kiganjani, kama mtu anayefinya chumvi, na hakuweza kuvifungua. Alisema midomo inamtambaa kama siafu. Shangazi aliyemleta alikuwa ananong'ona habari za pepo. Daktari akampa sindano ya mshipani, polepole sana, nami nikachungulia mlangoni mpaka nilipoona vidole vinaachana, kimoja, na kingine. Yule mama alikigeuza kiganja chake juu chini akakitazama kana kwamba amerudishiwa na mwizi.

"Amepewa nini?" nilimwuliza dresa.

"Chokaa."

"Hii ya kupaka ukuta?"

"Ndugu yake. Nyuma ya rovu kuna vitezi vinne, vidogo kama punje za choroko. Vinapima chokaa damuni. Ikipungua, vinaichota mifupani. Vikiondoka pamoja na rovu, hakuna wa kupima, na mishipa inaanza kucheza ngoma yake. Usidhani ugonjwa ni kuzidi tu, mtani. Kupungua nako kunaua."

Hilo la mwisho lilinikaa. Nililibeba mpaka Isevya, nikalala nalo.

Juma lililofuata baba alikuja nami, na dresa alikuwa katika hali yake ya kucheka. "Mzee," alisema, "siku kijana akianza kutetemeka na kutoka jasho, akawatukana ovyo kama Mzaramo aliyelewa, mpeni asali upesi!"

Baba akapiga paja lake. "Mtani, unataka tuzike?"

"Mkizika nitakuwa wa kwanza kufika, nimkamate ng'ombe wenu mnono!"

Kwa asiyejua, nieleze: mtani msibani ana haki ya kufanya vituko na kudai chochote, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Kwa hiyo wote wawili walicheka wakapeana mikono, na njiani baba alikuwa bado anatikisa kichwa. "Watu wa pwani! Mzungu akataze asali, yeye aseme mpeni. Ulimi wa mtani haufuatwi."

Mimi sikucheka. Niliporudi hospitali peke yangu nilimfuata dresa mpaka chumba cha dawa. "Shikamoo. Lile la asali lilikuwa utani?"

"Marahaba." Akaniangalia, na kicheko kikamtoka usoni chote. "Hapana, binti. Lile nililisema vibaya. Sikiliza. Kongosho zima lina akili. Sukari ikishuka, linanyamaza. Sindano haina akili. Ukishaichoma, itafanya kazi yake awe amekula au hajala. Asipokula, sukari inaisha barabarani, na kichwa ndicho kinachozimika kwanza. Hapo asali ndiyo dawa, na kuchelewa ni kifo. Mwambie baba yako."

Nikamwambia baba. Akaniwekea mkono begani, kwa upole. "Amekurudia utani uleule, mwanangu. Wewe una moyo mwepesi."

Nikabaki hivyo. Kuna anayejua jinsi inavyochosha kujua kitu kimoja peke yako katika nyumba ya watu wengi? Nilikuwa namtazama kaka akila, nahesabu matonge. Akichelewa kurudi, nilikwenda njiani. Nilijiambia wala haitatokea, kisha nikaota imetokea.

Neno likaja toka Bukene kwamba wako tayari kutusikiliza. Ugonjwa hawakuambiwa. Baba alisema mtu haendi kuposa akitangaza jipu lake. Aliamua nami niwemo katika safari, kama mbebaji wa zawadi, ili nimchome kaka sindano ya asubuhi na kikapu chenye bomba kisionekane mikononi mwake. Zawadi yenyewe ilikuwa kibuyu cha asali nyeupe, ile bora, mdomo umezibwa kwa nta. Mrina asali angepeleka nini kingine?

Alfajiri nilimchoma. Alikunywa uji nusu bakuli akasema tumbo limejaa furaha. Nilikuwa nimefunga viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kitambaa, akiba ya njiani. Treni ilichelewa. Ilipoondoka ikaenda kwa kusimama, na mbele yetu alikaa mama mmoja na watoto wawili, mdogo analia njaa mpaka sauti imekauka. Nilivumilia stesheni moja. Nikamtazama kaka, alikuwa mzima, anapiga mluzi. Nikafikiri, tukifika tu watatukaribisha chakula, watu wa posa hawaachwi na njaa. Nikawapa wale watoto viazi vyote. Kaka akanikonyeza. Nilijisikia vizuri sana, Mungu anisamehe.

Bukene tulifika jua liko utosini. Tukapokewa kwa heshima, tukaketishwa. Na hapo nikakumbuka kile ambacho akili yangu ya kupanda treni isiyokuwepo haikukiwaza: mbele ya wakwe mposaji hali chakula. Anakaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa, hasemi, hanywi, mpaka mazungumzo yaishe na apewe kitu cha kumfungua kinywa. Nami nilikuwa nimekaa nyuma ya baba, kibuyu mapajani, kikapu pembeni, na wazee walikuwa wameanza kuulizana habari za mvua.

Mvua ikaisha, wakaja kwenye malisho. Malisho yakaisha, wakaanza kutafuta kama kuna udugu wa zamani baina ya koo zetu. Nyuma ya pazia nilisikia sauti za wanawake na harufu ya kuku. Nilimwangalia kaka. Tone la jasho lilikuwa limening'inia puani, likaanguka mkekani. Likaja jingine. Mle ndani mlikuwa na baridi ya nyumba ya udongo, hakuna aliyekuwa akitoka jasho ila yeye.

"Baba," nilinong'ona.

"Nyamaza."

Vidole vya kaka vilianza kucheza juu ya goti. Kisha akainua kichwa, akamtazama baba wa binti usoni, jambo lisilotendeka, na kusema kwa sauti kubwa, "Wewe mzee, shuka mtini! Utaanguka!"

Mzee mmoja wa pale akacheka kidogo, akakatisha.

"Shuka, nakwambia! Nyuki hawakukutuma!"

"Amelewa," alisema mzee huyo. "Wametuletea mlevi."

Baba mwenye nyumba alikuwa amesimama. Baba yangu naye amesimama, uso wake umekuwa wa majivu. Kaka akacheka, akalala ubavu taratibu kama mtoto, macho yake yakageuka juu.

Nilipeleka meno kwenye nta. Baba akanidaka kifundo cha mkono.

"Ni mwiko! Unataka kumwua mbele ya wakwe?"

"Ni ile, baba! Jasho, na matusi, ni ile aliyoisema!"

"Ule ulikuwa utani!"

"Aliyenifundisha sindano ndiye aliyenifundisha hili. Kama hili ni utani, basi na sindano ni utani, na mbona kaka amenenepa?"

Sijui kama alikubali. Nadhani alitafuta jibu, na alipokuwa akilitafuta vidole vyake vililegea. Nikauvuta mkono. Nta ilitoka pamoja na kipande cha jino langu, kona hii hapa bado nimeikosa. Sikummiminia, dresa alionya kwamba mtu aliyezimika huzama kwa kijiko cha maji. Nilichovya kidole, nikapaka ndani ya shavu, juu ya fizi, chini ya ulimi, tena, na tena, huku kichwa chake nimekilaza pajani kwangu upande. Asali ilinitiririka mpaka kiwikoni. Nilikuwa nasali na kupaka, sala ikinipotea katikati naanza upya. Kama ni mwiko, basi mimi ndiye ninayemwua. Na kama si mwiko, nilikuwa nimekwisha mwua kwenye treni, kwa viazi.

Koo lake likasogea. Akameza. Nikapaka zaidi. Baada ya muda ambao sitaki kuupima, akafumbua macho, akanikunjia uso. "Mbona umenipaka uchafu huu?"

Nililia kwa sauti ya aibu kabisa, kama mbuzi.

Pazia likafunguka. Mama wa binti alitoka na bakuli la ugali na maziwa, akapita katikati ya wanaume wote bila kuwaangalia, akapiga magoti. "Ale?" aliniuliza. Nikasema ale. Na kaka akala pale mlangoni, mbele ya wakwe, kabla ya neno lolote la posa kutamkwa. Nyuma ya pazia niliona nusu ya uso wa msichana, jicho moja, linatazama.

"Ni mgonjwa," alisema baba wa binti. Hakuwa akiuliza.

Baba yangu aliketi chini. Alisema yote: sindano, daktari, mwiko. Alisema hakudanganya, ila alificha, na kwamba kwa leo haoni tofauti. Sijawahi kumwona baba amekuwa mdogo kiasi kile, wala kumheshimu zaidi.

"Tutatuma neno," alijibu mwenyeji. Kila aposaye anajua maneno hayo yana baridi gani. Kibuyu alikitazama, kimefunguliwa na kuchovywa na mgeni, hakukipokea. Tukatoka nacho.

Pale stesheni tulisubiri. Treni ilipokuwa inaonekana mbali, mama wa binti akaja mbiombio, ameficha kitu chini ya kanga. Akanipa mimi. Yalikuwa matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukaushwa, pamoja na karanga.

"Anatakiwa kula saa ngapi?" aliuliza.

"Asubuhi akishachomwa, mama. Adhuhuri. Na jua likizama."

"Asubuhi akishachomwa," alirudia, akikunja kidole. "Adhuhuri. Jua likizama." Alivikunja vidole vitatu, akavishika kwa mkono wa pili. "Si mimi ninayeuliza," akasema, na kuondoka.

Kaka alitabasamu akitazama nje, njia nzima mpaka alipotafuna tobolwa la mwisho na kusinzia dirishani. Mimi sikuweza. Kila baada ya kitambo nilinyoosha mkono nikamgusa shingo, nione kama imelowa. Ni kavu. Nikakaa. Nikanyoosha tena. Kaka akasema bila kufumbua macho, "Nimekauka, sista. Tulia."

Jua lilikuwa linaingia upande wa baba. Nikamwambia hapohapo, kabla ujasiri haujaniishia, "Baba, nilikuwa na viazi vyake. Niligawa humu ndani asubuhi, kwa watoto."

Baba akahama kiti chake akaja kukaa baina yangu na kaka.

"Shingoni, au kwenye paji?" aliuliza.

"Shingoni, baba. Hapa nyuma."

Akaweka kiganja chake pale, kiganja kikubwa chenye makovu ya nyuki, akakiacha. "Lala wewe," alisema. "Ikilowa nitakuamsha."